SOMO LA KUMI NA MOJA: MIGUU INAYOKUFA GANZI

Ndugu msomaji, je, umewahi kukaa chini kwa muda mrefu, ukasimama, ukaona mguu si wako? Umekufa ganzi. Ukikanyaga huisikii ardhi. Baada ya kitambo kidogo unasikia kama sisimizi wengi wanatembea ndani ya nyama. Halafu mguu unarudi. Ganzi hiyo ni ya kawaida. Haina neno.

Lakini iko ganzi nyingine. Hiyo haiondoki. Unalala nayo, unaamka nayo. Inaanza kwenye vidole vya miguu, inapanda polepole. Ukimwuliza jirani, anasema ni uzee. Mwingine anasema ni baridi. Mwingine anasema umekanyaga kitu ulichotegewa njiani. Kila mmoja ana jibu lake, na kila jibu lina bei yake.

Somo letu la leo ni juu ya ganzi hiyo, na magonjwa mengine ya mishipa ya fahamu ambayo mtu huyapata asijue yametoka wapi. Tutaona jinsi ya kutafuta msaada bila kumaliza mali ya nyumba. Utahitaji daftari na kalamu. Vyote viwili unavyo, na kuandika umekwisha kujifunza.

MSHIPA UPI?

Tuanze na neno lenyewe. Tunalo neno moja, mshipa, nasi tunalifanyisha kazi nyingi mno. Njia ya damu ni mshipa. Kano inayoshika nyama kwenye mfupa, watu huiita mshipa. Ugonjwa wa kuvimba korodani nao huitwa mshipa. Na mishipa ya fahamu pia ni mishipa. Basi ukifika zahanati ukasema, "Mshipa unanisumbua," tabibu bado hajajua lolote. Afadhali useme unavyosikia. Panawasha? Panawaka moto? Panachoma kama sindano? Hupasikii kabisa? Mguu hauna nguvu, au una nguvu lakini umekakamaa? Hayo si mambo mamoja. Mguu usiosikia na mguu usio na nguvu ni magonjwa mawili tofauti, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa nayo yote mawili.

Mishipa ya fahamu ni kama nyaya. Inapeleka habari kutoka mwilini hadi kwenye ubongo: hapa pana moto, hapa pana mwiba. Tena inaleta amri kutoka kwenye ubongo: inua mguu, funga mkono. Inapita ndani ya uti wa mgongo, kisha inagawanyika kwenda kila mahali. Mishipa mirefu kuliko yote ni ile inayofika kwenye vidole vya miguu. Kwa hiyo kitu kinachoidhuru mishipa ya mwili mzima, mara nyingi huonekana kwanza miguuni, tena miguu yote miwili, baadaye ndipo hufika mikononi. Likumbuke jambo hili. Tutalirudia.

BABA KULWA

Sasa tuchukue mfano. Mtu huyu tumemtunga sisi, lakini yaliyompata huwapata watu wengi. Tumwite Baba Kulwa. Ni mkulima wa pamba na mpunga upande wa kusini wa Ziwa Viktoria. Ana mke, watoto wanne, na ng'ombe wawili wa kulimia.

Mwezi wa Tano Baba Kulwa alianza kuwashwa vidole vya miguu. Alidhani ni upupu. Mwezi wa Sita nyayo zilikuwa zinawaka moto kila usiku. Alilala miguu ikiwa nje ya shuka. Kisha ganzi ikafika kwenye vifundo. Akitembea, kandambili ilimvuka mguuni, naye asijue mpaka mtoto aje nyuma akiibeba mkononi.

Alikwenda kwa mganga wa kienyeji. Alitoa mbuzi wawili. Alichanjwa chale miguuni, akaambiwa aache vidonge vyote vya hospitali, maana dawa za namna mbili hazikai katika chungu kimoja. Hakupona. Alikwenda mjini. Kwenye duka la dawa alichomwa sindano kumi, moja kila siku, akaambiwa ni vitamini za kuongeza nguvu. Jina la dawa hakuandikiwa. Hakupona. Huko huko mjini kijana mmoja alimwambia, "Mzee, wewe shida yako iko kichwani. Kuna mashine kubwa katika jiji. Inapiga picha ya ubongo. Ukipigwa picha hiyo ugonjwa utaonekana wote." Akamtajia bei.

Baba Kulwa alirudi nyumbani akiwa kimya. Jioni alimwita mkewe.

"Mama Kulwa, nimeamua kumwuza dume mmoja."

"Dume mmoja, Baba Kulwa? Na huyu wa pili atavuta jembe na nani?"

Baba Kulwa hakuwa na jibu. Ng'ombe mmoja wa kulimia ni nusu ya jozi. Mvua zikianza atasimama zizini akila majani, na shamba litalimwa kwa jembe la mkono, na mwenye kulilima atakuwa mkewe, kwa kuwa yeye miguu hana.

Mama Kulwa alikuwa akihudhuria darasa la elimu ya watu wazima kama wewe. Hakubishana sana. Alileta daftari lake la mazoezi, akaligeuza nyuma kwenye kurasa tupu. Akasema, "Kabla hujamwuza, tuandike kwanza. Mimi nitaandika, wewe utasema."

WALICHOANDIKA

Tazama ukurasa wao wa kwanza:

Mwezi wa Tano, mwanzo. Vidole vya miguu vinawasha. Miguu yote miwili.

Mwezi wa Tano, mwisho. Nyayo zinawaka moto usiku. Mchana nafuu.

Mwezi wa Sita. Ganzi imefika kwenye vifundo. Kandambili inavuka, sijui. Natembea kama nakanyaga pamba.

Mwezi wa Saba. Ncha za vidole vya mikono zinaanza kuwasha. Nguvu ninazo. Mkojo ni wa kawaida. Macho ni mazima. Mgongo hauumi.

Angalia namna walivyoandika. Sentensi ni fupi. Hawakuandika "naumwa sana" au "nateseka", ingawa yote mawili ni kweli. Waliandika wapi, lini, na kinachosikika. Wameandika pia mambo ambayo hayapo: mgongo hauumi, mkojo ni wa kawaida. Watu wengi hudhani kisichouma hakina haja ya kutajwa. Kwa tabibu, kisichouma ni habari kubwa. Ganzi ya miguu pamoja na mkojo uliofunga ni jambo jingine kabisa, tena la hatari.

Ukurasa wa pili ulikuwa wa chakula na kazi. Ugali wa mahindi, wakati mwingine wa muhogo. Mboga za majani, dagaa. Pombe siku za mnada, si kila siku. Kupulizia pamba dawa ya wadudu, mara ya mwisho kabla ya mavuno. Je, yuko mtu mwingine hapa nyumbani mwenye ganzi kama hii? Hayuko.

Ukurasa wa tatu ulikuwa wa dawa. Hapo kazi ikawa ngumu. Mama Kulwa aliandika chale. Akaandika sindano kumi, jina halijulikani. Kisha akainua kalamu akamtazama mumewe.

"Na zile nyingine?"

"Zipi?"

"Baba Kulwa, zile za kifua."

Mwezi wa Tatu Baba Kulwa alikuwa amepimwa makohozi, akakutwa na kifua kikuu. Alianza dawa. Hakumwambia mtu. Aliogopa watu wangeacha kuketi naye. Kikohozi kilikwisha, mwili ukarudi, naye akafurahi kwamba siri imekaa. Mganga wa kienyeji hakuambiwa. Mwenye duka la dawa hakuambiwa. Yule kijana wa mashine hakuambiwa. Na tangu alipoambiwa aache vidonge vya hospitali, alikuwa amekwisha kuruka siku nne.

Mama Kulwa hakungoja aambiwe. Aliandika: Dawa za kifua kikuu, zilianza mwanzo wa mwezi wa Tatu. Siku nne hazikumezwa.

KWENYE ZAHANATI

Kesho yake walikwenda wote wawili kwenye zahanati ya kijiji. Tabibu alikuwa mwanamke kijana.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mama Kulwa alimpa daftari. Tabibu alisoma kurasa zote tatu. Hakuchukua muda mrefu. Kisha alimwambia Baba Kulwa avue viatu, alale kitandani, afumbe macho.

Alichukua kipande cha pamba, akakivuta juu ya vidole vya mguu. "Unasikia, baba?" Hapana. Akapanda polepole mpaka Baba Kulwa akasema, "Hapo nasikia." Tabibu akaweka alama kwa kalamu. Mguu wa pili, alama karibu mahali pale pale. Akamgusa kwa ncha ya kijiti kilichochongwa, akimwambia aseme ni kali au butu. Akagonga chini ya goti na nyuma ya kisigino kwa nyundo ndogo ya mpira, kutazama kama mguu unaruka. Akamwambia asukume mkono wake kwa wayo, apime nguvu. Akatazama ngozi yake yote mwangani, mgongoni, mapajani, akitafuta baka lolote. Akapapasa nyuma ya kiwiko na chini ya goti kwa nje, ambako mshipa wa fahamu hupita karibu na ngozi. Akamtoa tone la damu kidoleni kupima sukari. Akamwuliza kwa faragha kama angependa kupima virusi vya UKIMWI, naye akakubali.

Pamba, kijiti, nyundo, mikono, tone la damu. Usividharau vyombo hivi kwa kuwa ni vidogo. Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu katika hospitali kubwa kabisa ya taifa huanza na vyombo hivi hivi, tena huanza na swali lile lile: ilianza lini, ilianza wapi?

Na ile mashine? Mashine ya kupiga picha ya ubongo au uti wa mgongo ni chombo kizuri sana. Mtu aliyeangukiwa na mti kichwani anaihitaji. Mtu mwenye degedege lililoanza ukubwani, au mwenye upande mmoja wa mwili unaozidi kudhoofika, anaweza kuihitaji. Lakini mishipa myembamba ya vidole vya miguu haionekani katika picha ya ubongo. Baba Kulwa angemwuza dume, angesafiri, angelala jijini siku tatu, na angerudi na picha safi ya ubongo mzima. Ugonjwa ungekuwa bado miguuni.

Sukari ilikuwa ya kawaida. Virusi havikuonekana. Baka halikuwapo. Tabibu alirudi kwenye ukurasa wa tatu, akaweka kidole chake hapo.

"Baba, dawa zimeanza mwezi wa Tatu. Miguu imeanza mwezi wa Tano. Ulipewa pia kidonge kidogo cha vitamini B6?"

"Sikumbuki. Nadhani siku ile walisema havipo."

Hili ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Miongoni mwa dawa za kifua kikuu imo moja iitwayo isoniazidi. Ni dawa nzuri, inaua vijidudu vya kifua kikuu. Lakini inaupunguzia mwili vitamini B6, na mishipa ya fahamu inahitaji vitamini hiyo. Ikipungua, mishipa mirefu huanza kulalamika: kuwasha, kuwaka moto, kisha ganzi, miguuni kwanza, sawasawa pande zote mbili. Huwapata zaidi watu ambao hawali vya kutosha, wanywaji wa pombe, wenye kisukari, wenye virusi vya UKIMWI, na akina mama wajawazito. Kinga yake ni kidonge cha vitamini B6 kinachomezwa pamoja na dawa zile. Ni kidonge cha bei ndogo kabisa.

Tabibu alisema mambo mawili, na alisema la kwanza mara tatu. La kwanza: usiache dawa za kifua kikuu. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Ukiacha njiani, vijidudu vilivyobaki vinaweza kujifunza kuishi na dawa, na ugonjwa ukarudi ukiwa mgumu kutibika, ukawaambukiza watoto wako wakiwa na vijidudu hivyo vigumu. Miguu ya ganzi ni taabu. Kifua kikuu sugu ni kaburi. La pili: vitamini B6 utapewa kwa kipimo nitakachokuandikia, usijinunulie zaidi. Watu hushangaa wakisikia kwamba vitamini hiyo hiyo, ikimezwa nyingi mno kwa muda mrefu, nayo huiharibu mishipa ya fahamu. Lakini ndivyo ilivyo.

Akaandika barua kwa mratibu wa kifua kikuu wa wilaya kuhusu zile siku nne. Akawaambia walete watu wote wa nyumbani wapimwe.

Baba Kulwa alimeza dawa hadi mwisho. Moto wa usiku ulipungua baada ya wiki kadhaa. Ganzi ilishuka kutoka kwenye vifundo, ikabaki kwenye vidole viwili vitatu. Labda itakwisha, labda itabaki hapo. Mishipa ya fahamu hupona polepole sana, na iliyochelewa mno haiponi yote. Madume yote mawili yalilima msimu ule.

SI KILA GANZI NI YA NAMNA HII

Usifunge kitabu ukasema, "Basi, ganzi ni vitamini." Hapana. Baba Kulwa alikuwa na sababu yake, nawe unaweza kuwa na nyingine.

Kisukari ni sababu kubwa. Mwenye nacho mara nyingi hunywa maji mengi, hukojoa mara nyingi usiku, hukonda. Lakini wengine hawana dalili hizo, ganzi ndiyo habari ya kwanza. Kipimo chake ni lile tone la damu.

Ukoma nao bado upo katika Tanzania. Baka juu ya ngozi, jeupe kidogo au jekundu kidogo, lisilosikia ukiligusa kwa pamba, ni jambo la kwenda kuonyesha wiki hii hii. Si laana wala si urithi. Dawa zake hutolewa bure, na mtu anayezimeza haambukizi wengine. Akichelewa, anapoteza vidole kwa sababu anajiunguza na kujikata bila kusikia.

Virusi vya UKIMWI, pombe nyingi, chakula kisicho na mboga wala nyama wala samaki kwa muda mrefu, na sumu za kupulizia mashamba, vyote vinaweza kuidhuru mishipa. Kwa ajili hiyo ukurasa wa chakula na kazi usiuruke.

Na kifafa je? Hicho nacho ni ugonjwa wa ubongo, si wa pepo, wala hauambukizwi kwa povu. Ukimwona mtu ameanguka, mlaze ubavu, usimtie kitu kinywani, hesabu dakika, na kisha uandike ulichoona, maana mgonjwa mwenyewe hakioni. Dawa iitwayo fenobabitoni imetumika kwa kifafa tangu mwaka 1912. Ni ya bei nafuu. Mwenye kuimeza asiiache ghafla.

WALIPOULIZWA WALIKULA NINI

Wakati mwingine daftari la mtu mmoja halitoshi. Mwaka 1985 kulikuwa na ukame wilayani Tarime, mkoani Mara. Ghafla watu walianza kulemaa miguu. Mtu alilala mzima, au alikwenda shambani mzima, na siku hiyo hiyo miguu ikakakamaa. Ganzi haikuwapo. Walitembea kwa ncha za vidole, magoti yakigongana, na wengine hawakutembea tena. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Ugonjwa haukuzidi, lakini wala haukuondoka.

Madaktari na wataalamu wa chakula walikwenda huko. Waliwapima watu, lakini pia waliwauliza: mlikula nini majuma yaliyopita? Mliutengenezaje? Jibu likawa muhogo mchungu. Muhogo mchungu una sumu. Watu waliijua sumu hiyo tangu zamani, nao waliitoa kwa kuuvundika na kuuanika siku nyingi. Mwaka ule njaa ilikuwa mlangoni, wakafupisha siku. Tena hapakuwa na samaki wala maharage wa kutosha, vyakula ambavyo huusaidia mwili kuishinda sumu hiyo.

Ugonjwa huu unaitwa konzo. Jina limetoka katika lugha ya Kiyaka ya Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliandika habari zake huko Kongo mwaka 1938. Msumbiji uliwapata watu wa Nampula mwaka 1981, wakati wa ukame pia. Mpaka leo hakuna dawa ya kuiondoa konzo, ila mazoezi na fimbo ya kutembelea humsaidia mgonjwa. Kinga ipo jikoni. Usifupishe siku za kuvundika na kuanika. Ukiwa na unga wa muhogo mchungu usiouamini, uchanganye na maji, uutandaze mwembamba juu ya jamvi kivulini kwa saa 5, au juani kwa saa 2. Sumu hutoka ikapanda hewani. Kisha upike ugali siku hiyo hiyo. Akina mama wengi watasema kazi imezidi. Ni kweli imezidi.

Ukiona watu wawili watatu kijijini wamepatwa na ugonjwa mmoja wa miguu kwa wakati mmoja, usingoje. Mpe habari mwenyekiti wa kijiji na tabibu, na mwandike majina ya vyakula.

SIKU AMBAYO HUANDIKI KWANZA

Ziko dalili ambazo daftari lingoje nyumbani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo kama mdomo umepinda ghafla, au mkono na mguu wa upande mmoja umelegea, au ulimi umekuwa mzito. Hicho ni kiharusi. Nenda kama udhaifu umeanza miguuni na unapanda siku hadi siku, maana ukifika kifuani mtu hushindwa kupumua. Nenda kama miguu imekosa nguvu na mkojo umefunga. Nenda kama umeanguka kutoka juu ya mti, na wanaokubeba wakulaze juu ya ubao ulionyooka. Nenda kama umeng'atwa na mbwa, hata kama jeraha ni dogo: osha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha ukachanjwe. Ukingoja mpaka jeraha lianze kuwasha na kufa ganzi, umechelewa. Na mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mguu au mkono ghafla, toa habari zahanati mara moja, kwa sababu lazima atazamwe kama ni polio.

JUU YA FEDHA

Anza karibu. Zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya mkoa. Kila ngazi ikishindwa hukupa barua ya rufaa kwenda ngazi ya juu. Mtu mwenye barua na daftari huingia hospitali kubwa akiwa na kazi nusu imekwisha kufanywa. Mtu anayekwenda moja kwa moja jijini huanza upya, hupimwa yote tangu mwanzo, na hulipa yote tangu mwanzo.

Katika Tanzania matibabu ya kifua kikuu, ukoma na virusi vya UKIMWI hayalipiwi. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na watu maskini sana, wana haki ya msamaha. Lakini msamaha hauji wenyewe. Omba barua kwa serikali ya kijiji, na ukifika hospitali mwulize afisa ustawi wa jamii. Wengi hawamwulizi kwa sababu hawajui kama yupo. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Uliza ofisi ya kijiji au kata mchango ni kiasi gani na unalipwa wapi, na ujiunge ungali mzima.

Kabla ya kulipia kipimo chochote kikubwa, muulize daktari maswali mawili: "Kipimo hiki kinatafuta nini?" na "Kikionyesha hicho, matibabu yangu yatabadilikaje?" Uliza kwa adabu. Daktari mzuri hachukii kuulizwa hivyo. Na mtu anayekuuzia sindano bila kukuandikia jina lake, usimpe mkono wako.

Huku ukitafuta msaada, itunze miguu isiyosikia. Itazame kila jioni, hata nyayo, au mtoto akutazamie. Vaa viatu. Usiote moto kwa miguu. Pima maji ya kuoga kwa kiwiko kabla ya kutia mguu.

MAZOEZI

1. Kwa nini Baba Kulwa hakumwambia mtu habari za dawa za kifua? Je, katika kijiji chetu mtu anaweza kusema ana kifua kikuu bila kutengwa? Jadilianeni.

2. Mama Kulwa aliandika "Mgongo hauumi." Sentensi hiyo ilimsaidia tabibu kwa nini?

3. Andika sentensi tano juu ya ugonjwa wowote uliowahi kuupata. Taja wapi na lini. Usitumie neno "sana".

4. Nyumbani kwako muhogo mchungu huvundikwa na kuanikwa siku ngapi? Mwulize mama au bibi, uandike jibu lake.

5. Chukua kipande cha pamba. Mwenzako afumbe macho. Mguse vidole vya miguu, akuambie umemgusa wapi. Kisha mbadilishane.